Fundi wa Ruiru anayeitazama sauti ya injini

Jua la Ruiru bado halijapanda juu ya mabati ya gereji, na Mwangangi Kiilu tayari amelala chali ndani ya pikapu kuukuu ya Datsun yenye rangi ya maziwa. Kichwa kimeingia chini ya dashibodi, miguu imetokeza nje ya mlango. Mkono mmoja umeshika tochi. Mwingine unapitisha mpira mwembamba mweusi katika tundu ambalo nyaya hupitia kuelekea kwenye injini.

Hatua chache kutoka hapo, mkewe, Wavinya, ameketi kwenye kigoda mbele ya kibanda cha Odongo, fundi wa milango ya chuma. Amewapa mgongo wote wawili, mume na pikapu. Anachambua kunde kwenye ungo, na ameahidi kwamba hatageuka.

"Nikigeuka ataniangalia uso," anasema kwa sauti ya chini. "Na uso wangu haujui kunyamaza."

Mwangangi hasikii. Sikio lake la kushoto halina kitu kabisa. La kulia limebakisha sauti nzito tu, kama ngurumo ya lori au mlango ukibamizwa. Kwa miaka mitatu, Wavinya ndiye aliyekuwa masikio yake katika kazi ambayo tangu mwanzo ilikuwa ya kusikiliza.

Leo ni siku ya kujaribu bila yeye. Mwangangi anafunga geji ya vakyumu kwenye dashibodi ya Datsun hii, saa ndogo ya duara yenye sindano, inayoonyesha jinsi injini inavyovuta hewa. Akiimaliza kazi na kuituliza injini peke yake, Wavinya atasafiri Jumatatu kwenda Yatta kulima shamba la mama yake kabla mvua za vuli hazijaanza. Akishindwa, Wavinya atabaki, na shamba litalala msimu mwingine tena.

Odongo anasema hii ni siku ya mtihani wa taifa, na bahati mbaya msimamizi ameketi kwake. Ameweka nyundo chini kwa heshima ya mtahiniwa.

Mwangangi ana umri wa miaka hamsini na saba. Yeye na mkewe wanaishi Kamenu, Thika, na kila siku huja Ruiru kufungua gereji yao ya mabati manne na nguzo sita. Magari yake ni yale ya zamani yanayotumia kabureta, ambayo vijana wenye kompyuta za kuchomeka hawayataki. Pikapu za kubebea nyasi, maziwa na miche. Magari ya marehemu baba, ambayo watoto hawana moyo wa kuyauza kama chuma chakavu.

Alijifunza kazi akiwa na miaka kumi na tisa, kwa fundi mmoja wa Thika aliyekuwa na desturi ya kuwafunga wanafunzi wake macho kwa kitambaa. Injini iliwashwa, nao walipewa kipande cha mpira, ncha moja sikioni, ncha nyingine ikitembezwa juu ya injini. Ulitakiwa useme plagi ipi haichomi, vali ipi imelegea, hewa inaingilia wapi mahali isipotakiwa. Ukikosea, unaosha vyombo vya wenzako.

"Mimi sikuosha sana," anasema Mwangangi, na hapo anatabasamu kidogo.

Ile sauti ya hewa ndiyo aliyoipenda zaidi. Anaieleza kuwa ni nyembamba kama pumzi ya mtoto aliyelala. Mtu mwingine asingeisikia hata akiinamia injini, lakini yeye aliisikia akiwa amesimama kwenye lango, mkononi ana kikombe cha chai. Wateja walikuja kutoka Juja na hata Gatundu wakisema wanataka yule Mkamba mwenye sikio.

Sikio halikuondoka siku moja. Liliondoka kama maji ya mtungi wenye ufa. Kwanza hakusikia tena simu ikilia mfukoni. Halafu ndege. Kisha ikaja Jumapili moja, wakitoka kanisani, akamwambia mkewe kwamba kwaya yao imeharibika, siku hizi sauti ya kwanza haiimbi kabisa.

"Alinitazama sana," anakumbuka. "Yeye ndiye sauti ya kwanza."

Kliniki ya masikio huko Thika ilimwambia kwamba ni kelele za miaka mingi, na kwamba kilichokufa ndani ya sikio hakioti tena. Waumini walimchangia kifaa cha kusikia, shilingi elfu sitini kwa sikio moja. Kinamsaidia sebuleni, mtu mmoja akiongea pole pole. Gerejini ni mateso. Kila nyundo huingia kichwani kama msumari, kwa hivyo kifaa hukaa kwenye mfuko wa shati tangu asubuhi mpaka jioni.

Wavinya wakati huo alikuwa akiuza chai na mandazi hapo hapo gerejini, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na minane. Hakuwahi kushika spana. Lakini miaka yote hiyo ya kusimama na birika kando ya injini ilikuwa imemwachia kitu. Siku moja, Mwangangi akihangaika na pikapu ya mteja, yeye akimimina chai alisema tu kwamba hiyo inalia kama mtu anayetaka kupiga chafya. Mwangangi akageuza skrubu ya kabureta kidogo. Wavinya akasema chafya imepungua.

Wakatengeneza ishara. Wavinya aliketi kwenye usukani kana kwamba kazi yake ni kukanyaga mafuta tu. Kiganja juu, ongeza. Kiganja chini, punguza. Ngumi, hapo hapo. Wateja waliona mke anayemsaidia mumewe, wakawasifu kwa kupendana. Hakuna mteja aliyejua.

"Nani atampa kiziwi injini?" Mwangangi anauliza. "Hata mimi nisingempa."

Siri hiyo ilimfunga Wavinya. Mama yake huko Yatta alikuwa ameshindwa hata kushika jembe. Misimu mitatu ikapita, shamba limelimwa nusu, halafu robo, halafu mstari mmoja wa kunde karibu na choo. Kila mvua ilipokaribia alisema atakwenda, na kila mara lilikuja gari ambalo lisingetulia bila kiganja chake. Hakuwahi kulalamika. Aliuliza tu, jioni akiwasha redio, kama Yatta kumenyesha.

Geji ililetwa na Mzee Ngigi wa Kiganjo ya Thika, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye pikapu yake ya Peugeot 504 ya kijani ameimiliki kwa muda mrefu kuliko alivyoishi kwenye nyumba yoyote. Anaitumia kubeba miche ya parachichi. Mwezi wa Machi alifika gerejini na kiboksi kidogo mkononi, akasema binti yake Ciku amemnunulia saa ya kujua afya ya injini, na anataka ikae kwenye dashibodi, hapa, kando ya ile ya joto, mahali anapoweza kuiona bila kuinamisha shingo.

Mwangangi hakuona maana yake. Alimuuliza kama sasa wataanza kuipima pikapu presha na kuikataza chumvi.

"Ipime tu, fundi," Ngigi akamjibu. "Umri wake na wangu ni mmoja. Mimi napimwa kila mwezi."

Siku hiyo Wavinya hakuwapo. Alikuwa Kamenu kwenye msiba wa mwanamke wa kwaya. Mwangangi alifikiri kwamba kufunga saa si kazi ya masikio. Alitoboa tundu kwa drili, akalilainisha kwa tupa ili bati lisikate mpira, akaikaza geji mpaka ikakaa kama iliyozaliwa hapo. Halafu akatafuta mahali pa kuchukulia hewa. Katika pikapu ile, breki huwa nyepesi mguuni kwa sababu injini huivutia hewa kupitia mpira mmoja mnene. Aliukata mpira huo, akaweka kiungo chenye njia tatu, akakaza kwa klipu, akawasha.

Sindano ilipanda mpaka kumi na moja. Ikakaa hapo ikitetemeka.

Uso wa geji ulikuwa na rangi ya kijani kuanzia kumi na saba. Wote wawili waliinamia dirishani wakitazama. Ngigi ndiye aliyepata jibu. Miaka yake yote barabarani, alisema, lori likitoka Mombasa lina nguvu, likifika huku juu linapungua pumzi, kwa sababu hewa ya huku ni nyepesi. Saa hii imetengenezwa na watu wa baharini. Thika iko juu. Lazima isome chini kidogo.

Mwangangi aliona ni kweli. Na ni kweli, gari lisilo na kasoro huku juu husoma kumi na tano hivi. Lakini kumi na moja si kumi na tano, na wakati huo hakuwa na la kulinganisha nalo. Akafunga boneti. Ngigi akaondoka ameridhika, akapitia kitalu cha miche kando ya Mto Chania.

Jioni, wakila, Mwangangi alimsimulia mkewe habari za saa hiyo kama kichekesho. Alimwonyesha kwa kidole jinsi sindano ilivyokuwa ikicheza. Akaeleza habari za Mombasa na mwinuko.

Wavinya aliacha kutafuna. Akamgeukia ili amwone midomo.

"Baba Muoki," akasema, "huo mwinuko wa Thika unatetemeka?"

Mwangangi anasema aliielewa pale pale. Mwinuko ungeiteremsha sindano na kuiacha imetulia. Kinachotetemeka ni kitu kinachovuja. Na kama kulikuwa na kitu kinachovuja kwenye mpira ule, basi kilikuwa kinalia, kwa ile sauti yake nyembamba, mbele ya uso wake, na yeye alikuwa amesimama hapo akicheka habari za watu wa baharini. Na mpira ule ndio wa breki.

Wavinya alipiga simu ya Ngigi, haikupatikana. Akapiga tena, na tena. Kabla jua halijachomoza vizuri walikuwa njiani kwa miguu kutoka Kamenu kwenda Kiganjo. Mwangangi anasema ndiyo siku aliyotembea haraka kuliko mkewe kwa mara ya kwanza tangu wamwoze mwana wao mkubwa.

Walimkuta Ngigi uani, miche imepakiwa, ufunguo mkononi. Kabla hawajasalimiana vizuri alianza kueleza kwamba jana pale mteremko wa Chania breki ilikuwa ngumu kama jiwe. Ilibidi aikanyage kwa miguu miwili, akasimama umbali wa mkono mmoja nyuma ya mkokoteni wa mitungi ya maji. Yeye alidhani ni goti lake.

Mwangangi aliomba injini iwashwe. Ilipowaka, Wavinya alikwenda moja kwa moja mbele, akatia mkono ndani ya boneti, akakibana kile kiungo kwa vidole. Mumewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa dereva, macho kwenye geji.

Sindano ikapanda. Kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na tano. Ikasimama wima, kimya. Wavinya akaachia. Ikaanguka, ikaanza kutetemeka. Akabana tena. Ikapanda.

"Nikaona kile anachosikia," anasema Mwangangi. "Miaka mitatu yeye ananiambia kuna sauti, mimi naamini tu. Siku hiyo niliiona kwa macho yangu. Ilikuwa pale pale."

Klipu ilikuwa imekaa upande. Kuikaza kulichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu. Ndipo Ngigi alipouliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza. Hata yeye, mzee, aliposimama karibu kabla klipu haijakazwa aliisikia hewa hiyo. Ilikuwaje fundi asiisikie jana?

Wavinya alifungua kinywa. Alikuwa na majibu mengi ya aina hiyo, ameyatumia miaka mitatu: nyundo za Odongo, upepo, homa. Mwangangi akamgusa mkono.

"Mzee, mimi sisikii," akasema. "Sikio la fundi wako lilikufa. Gari yako amekuwa akiisikiliza Mama Muoki."

Ngigi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Halafu akasema maneno ambayo Mwangangi bado anayarudia bila kuyapunguza. "Ungeniua, Mwangangi. Na hujaniambia."

Hakupandisha sauti. Alizima injini, akaingia ndani ya nyumba, wakabaki uani na miche ya watu. Wavinya anasema aliona mumewe amekuwa mdogo, kama mtoto aliyetumwa akapoteza pesa.

Ngigi alirudi amebeba viti viwili vya plastiki, na mkewe Beth nyuma yake na sufuria ya chai. Aliweka kiti kimoja upande wa kushoto wa Mwangangi, akafikiri, akakiinua tena. Akauliza ni sikio lipi lililobaki na kitu. Akakihamishia kulia, akaketi, akasogea mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Sasa niambie kutoka mwanzo," akasema.

Mwangangi alieleza kila kitu, pamoja na kwaya.

Msamaha haukuja na chai hiyo. Ngigi hakuonekana Ruiru kwa wiki kadhaa, na Mwangangi hakutegemea kumwona tena. Lakini asubuhi ile ile, akitoka Kiganjo, alikuwa amekwisha kuamua. Odongo alimkatia bati, Wavinya akaandika kwa rangi ya mafuta, na kabla ya saa sita lilikuwa limening'inizwa mbele ya gereji: FUNDI HASIKII VIZURI. SIMAMA MBELE YAKE UONGEE.

Lilimgharimu. Kuna mteja aliyelisoma akiwa bado ndani ya gari, akageuza gari bila kushuka. Wengine waliacha kuja bila kusema. Kabla ya bati hilo, wiki nzuri iliweza kuleta shilingi elfu nane. Mwezi wa Aprili zilipatikana elfu tatu kwa wiki, na mandazi ya Wavinya ndiyo yaliyolipa kodi ya nyumba.

Odongo naye alikaa siku mbili bila utani, jambo ambalo majirani waliliona kama ugonjwa. Siku ya tatu alikuja, akasimama mbele ya Mwangangi kama bati lilivyoagiza, akamuuliza kama ni nyundo yake. Mwangangi alimwambia ni nyundo zote tangu akiwa kijana, na injini zote, na redio zote, yake ni ndogo tu. Odongo hakuridhika. Tangu hapo, kazi zake za kugonga huzifanya mchana, Mwangangi akienda kutafuta spea.

"Sikio lenyewe limeenda na halirudi, najua," Odongo anasema. "Lakini mtu hawezi kuendelea kugonga tu kana kwamba hajaambiwa."

Kwa akiba iliyobaki Mwangangi alinunua geji yake mwenyewe, akaiweka kwenye kipande cha mbao, akaanza kujifunza upya akiwa na miaka hamsini na saba. Kila gari lililokuja aliliunganisha. Wavinya alifumba macho na kueleza anachosikia, naye akatazama sindano inafanya nini. Kupiga chafya kulikuwa ni kuruka kwa sindano mara moja moja. Kukohoa kulikuwa ni kuanguka na kurudi. Kile alichokiita kunung'unika kilikuwa ni kutangatanga kwa sindano polepole, kama mtu anayetafuta nyumba asiyoijua. Pia Mwangangi aliweka sheria mpya: gari lililoguswa karibu na breki haliondoki kabla halijaendeshwa na kusimamishwa mara kadhaa, mwenye gari akiwa kwenye usukani.

Mwezi wa Mei, pikapu ya kijani iliingia gerejini. Ngigi hakuja peke yake, nyuma yake kulikuwa na rafiki mwenye pikapu ya umri uo huo. Ngigi alishuka, akazunguka kwenda upande wa kulia wa Mwangangi, akasema huyu naye anataka saa kama yake, na kwamba amemwambia yote, ya breki pia, na bado anataka.

Tangu hapo wamekuja mmoja mmoja. Kumfungia mtu geji kwenye dashibodi ni elfu moja mia tano, mbali na bei ya geji yenyewe. Si utajiri. Lakini kila pikapu yenye sindano yake ni pikapu ambayo Mwangangi anaweza kuisoma.

Kilichokuwa hakijajulikana ni kama anaweza kuisoma peke yake, siku nzima, bila ngumi ya Wavinya kumwambia hapo hapo.

Turudi kwenye Datsun. Bridget, mwenye pikapu, anayesambaza maziwa Ruiru na Kimbo, ameketi kwenye usukani. Geji imekaa imara chini ya redio. Mwangangi anamwashiria awashe.

Sindano inapanda, inafika kumi na tatu na nusu, inatikisika.

Kwenye kigoda, mikono ya Wavinya inasimama ndani ya kunde. Yeye amekwisha kusikia. Odongo anamtazama, naye anauma mdomo na kukaza macho kwenye ungo kana kwamba kuna maandishi.

Mwangangi anaitazama sindano kwa muda. Anakagua klipu zake kwanza, moja moja, kwa vidole. Zimekaza. Anamwomba Bridget ainue mkono akiona sindano imebadilika, halafu anachukua kopo la oili na kuanza kudondosha tone moja moja kwenye viungo vya injini, akianzia mbali. Oili ikifunika ufa, hewa hukatika kwa kitambo, na sindano hupanda. Tone la kwanza, hakuna kitu. La pili, hakuna. Anazunguka kwenye kitako cha kabureta, upande wa nyuma ambako mkono hauingii vizuri, anadondosha.

Mkono wa Bridget unainuka.

Mwangangi anadondosha tena kuhakikisha. Unainuka tena. Anazima injini, anatafuta spana, anakaza nati mbili zilizolegea kwa miaka ambayo hakuna anayeijua. Injini inawashwa. Anakwenda mlangoni, anaangalia, anarudi kwenye skrubu ya kabureta, anageuza kidogo, anakwenda tena mlangoni. Anafanya hivyo mara nyingi, bila haraka, mpaka sindano inasimama kwenye kumi na tano kama mtu aliyefika kwake.

Kisha wanatoka barabarani na Bridget kujaribu breki.

Wakiwa hawapo, Wavinya bado hageuki. Anasema ameisikia ikiondoka, imelainika. Anasema machozi yanayomtoka ni ya haya makapi ya kunde.

Datsun inaporudi, Bridget anasema kwa kicheko kwamba imekuwa nyepesi mpaka anaogopa maziwa yatafika kabla hayajakamwa. Mwangangi anapangusa mikono kwa kitambaa, anavuka uwanja, anazunguka kigoda, na kuchuchumaa mbele ya mkewe ili amwone midomo.

"Nitapanda ndengu," Wavinya anamwambia. "Na mtama kidogo."

Mwangangi anaitikia kwa kichwa. Anaendelea kuitikia hata baada ya mkewe kunyamaza.

Atakaa Yatta mpaka mavuno, mwezi wa Januari. Mwangangi ana mipango ya miezi hiyo. Anataka kuongeza bati moja kwenye gereji ili mvua isimfikie mteja akiwa kwenye usukani. Anataka mwana wao, Muoki, amfundishe kutuma ujumbe wa simu bila makosa, kwa kuwa kuongea kwenye simu hakumsaidii. Na mvua ikianza, anataka kuwa wa kwanza kuambiwa, kabla ya redio.

Akiulizwa kama ataweza, anaitazama Datsun ikitoka langoni, halafu anamtazama Wavinya akimwaga makapi.

"Injini nitaziona," anasema. "Hizo nimezipatia geji. Ile nyumba ya Kamenu, akiwa hayumo, sijui itasoma ngapi."